Nani Atamwambia Mzee Manasseh

Ijumaa hiyo, jua likiwa bado juu ya kilima cha Nyacheki, Linet alimaliza kupika chakula cha Sabato, akaosha sufuria, kisha akachukua kipande cha nailoni alichokuwa amekinunua sokoni Nyamache akakitandika kwenye kiti cha mkwe wake. Juu ya nailoni akaweka kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe. Mgeni angeingia wakati huo angesema, huyu ndiye mke anayemheshimu baba wa mumewe. Linet mwenyewe alijua anachofanya. Alikunja pembe za nailoni ndani zisionekane, akarudi kuzikunja tena.

Mzee Manasseh Ochoki aliingia kwa mwendo wake wa taratibu, akakitazama kiti, akakaa.

"Umeniwekea kitambaa kipya, Mama Nyanchama."

"Ndiyo, Baba."

"Asante. Mungu akubariki. Si wazee wengi wanaotunzwa hivi siku hizi."

Linet alikimbilia jikoni. Kuna shukrani zinazouma kuliko matusi, na hiyo ilikuwa mojawapo.

Hebu tuliseme jambo lenyewe, kwa maana nyumba hiyo ilikuwa imelizunguka kwa miezi minane bila kulisema. Mzee Manasseh alikuwa akinuka mkojo. Si kidogo. Harufu ilitangulia kuingia sebuleni na ilibaki baada yake, ikakaa kwenye mapazia na kwenye mito ya makochi. Watoto wa jirani waliokuwa wakija kutazama televisheni waliacha kuja. Na mtu pekee ambaye hakuwa na habari alikuwa mzee mwenyewe.

Jasper, mwanawe wa pekee, alirudi kutoka dukani kwake Ogembo wakala pamoja. Mzee aliweka tonge la ugali wa wimbi na mboga ya mgagani mdomoni, akatafuna, akaweka uso wa mtu aliyedanganywa.

"Hii chinsaga umeipika na nini?"

"Na maziwa, Baba. Imelala kwenye chungu siku mbili."

"Haina kitu. Ni kama nakula karatasi. Marehemu mama yenu akipika chinsaga, mtu alikuwa anajua akiwa bado barabarani."

Akanyoosha mkono akachukua chumvi, akamimina kama anayemlisha ng'ombe. Jasper, aliyekuwa ameongezwa mboga hiyo mara mbili na kulamba vidole, aliinamia sahani yake. Hakumtetea mkewe. Linet alimeza tonge na aibu kwa pamoja, kama alivyozoea.

Kumbe mboga haikuwa na kosa. Tangu mafua yale makali ya miaka mitatu iliyopita, pua ya Mzee Manasseh ilikuwa imekufa. Alilijua hilo siku chai ilipofurika ikaungua mbele yake huku yeye anasoma Biblia hatua mbili kutoka jikoni. Hakumwambia mtu. Angeanzaje? Huyu ndiye aliyekuwa karani wa kituo cha majani chai kwa miaka thelathini, ambaye wakulima walimwita Karani Pua. Alikuwa akitumbukiza mkono ndani ya gunia, anatoa konzi ya majani, anainusa mara moja kutafuta harufu ya majani yaliyooza kwa joto la gunia, na kusema, "Haya yamechemka. Rudisha." Wanawake waliochuma tangu alfajiri walimsihi, naye hakugeuka. Mtu wa namna hiyo hasemi kwamba pua imemtoka.

Kisha likaja la pili, la maji. Akikohoa, akiinuka ghafla, akicheka, kitu kilimponyoka. Siri hii nayo akaifungia ndani. Alifua suruali zake mwenyewe kwenye karai, mlango umefungwa, kwa maji kidogo na sabuni kidogo, akazianika kwenye kamba nyuma ya kitanda, mahali pasipo jua wala upepo. Kamba ya nje ilikuwa uani, na uani ndiko anakopita mke wa mwanawe.

Hapo sasa ndipo penye fundo. Wagusii wana ensoni, ile aibu iliyo heshima, ambayo inamkataza mke wa mwana kuingia chumba cha mkwe wake, kugusa kitanda chake au nguo zake, na inamkataza mwana kuzungumza na baba yake mambo ya mwilini. Ni mila nzuri. Imeziweka nyumba nyingi katika adabu. Lakini mila haina pua, na Mzee Manasseh naye hakuwa nayo.

Walipomaliza kula na mzee kurudi katika nyumba yake ndogo, upande wa pili wa ua, Linet alifungua madirisha yote.

"Kesho ni Meza ya Bwana," alisema. "Watu watatawadhana miguu."

"Najua," Jasper akasema.

"Basi mwambie leo."

"Nimwambie nini? Baba, unanuka? Linet, mimi ni mtoto wake."

"Na mimi ni mke wa mtoto wake. Yangu si ndiyo mbaya zaidi?"

"Si nilimtuma Machogu? Ni rika lake. Walitahiriwa mwaka mmoja."

"Machogu alikunywa vikombe vitatu vya chai, akaongea mambo ya bonasi ya chai, akaenda."

"Aliniambia amemwambia."

"Alimwambia afungue dirisha. Nilikuwa hapo nje nikisikia. 'Manasseh, siku hizi hewa ni mzuri, fungua hiyo dirisha.' Baba akamwambia dirisha iko na wezi. Wakaanza mambo ya wezi."

Jasper alicheka, kisha akaona mkewe hacheki, akaacha.

"Tumwite Nyanchama," Linet akasema. "Yeye ni mjukuu. Hana ensoni na babu yake. Wale huambiana chochote."

Jasper alikataa. Alisema msichana yuko chuoni Kisii mjini na mitihani iko karibu, si vizuri kumsumbua. Ukweli ni kwamba aliogopa swali moja ambalo binti yake angeuliza kabla hata hajaketi: kwa nini ninyi wakubwa hamjamwambia?

"Tungoje kesho ipite," akasema.

Ndivyo alivyosema pia kabla ya Meza ya Bwana ya robo ya mwaka iliyopita.

*

Kanisani kwao, siku ya Meza ya Bwana, wanawake hubaki ndani na wanaume hutoka kwenda kwenye darasa la watoto, ambako mashemasi wameshapanga makarai, majagi ya maji ya vuguvugu na taulo. Kila mtu hutafuta mwenzake. Mmoja huketi, mwingine hupiga magoti na kumwosha miguu, kisha hubadilishana, wakaombeana na kukumbatiana. Hakuna anayepangiwa mtu. Uzuri wake ni huo, kwamba unakwenda kwa uliyemkosea au unayempenda. Ubaya wake pia ni huo.

Mzee Manasseh alichukua karai lake na taulo yake akasimama karibu na ubao. Alikuwa amevaa koti la kijivu la siku kuu. Machogu alikuwa hatua nne kutoka kwake, na mzee akaanza kumwendea kwa tabasamu, kwa sababu wawili hao wametawadhana kwa miaka mingi. Machogu akageuka haraka, akamshika mkono kijana mmoja aliyebatizwa mwezi uliopita.

"Leo nataka huyu ndugu mpya," alisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

Mzee akamgeukia mwalimu Makori. Makori alikuwa tayari anavua viatu mbele ya mwingine. Akamtazama Nyangau wa posho mill ya kusagia mahindi. Nyangau akainama kufunga kamba za viatu ambavyo muda mfupi uliopita alikuwa akivifungua. Wanaume wakapatana wawili wawili kwa kasi ambayo unyenyekevu hauhitaji. Maji yakaanza kumiminwa. Wimbo ukaanzishwa. Mzee alibaki na karai lake, akawa anatazama huku na huku kwa uso wa mtu anayengoja mwenzake aliyechelewa kidogo tu.

Jasper alikuwa amepiga magoti katikati ya chumba, mguu wa rafiki yake Duncan mkononi. Alimwona baba yake. Alimwona vizuri. Angeweza kuinuka na kusema, Duncan, nisamehe, nina mtu. Wengine wangeshangaa mwana kushika miguu ya babake, lakini hakuna Maandiko yanayokataza. Macho yao yakakutana, na Jasper akayashusha, akaanza kuuosha upya mguu aliokwisha kuuosha.

"Kuna ndugu hana mwenzake?" Mzee wa kanisa Angwenyi aliuliza kwa sauti.

Kila mtu alijua, na kila mtu akaendelea kumimina maji.

"Basi niko hapa," Angwenyi akasema, akaja mwenyewe. Ni mtu mwema, hilo lazima lisemwe. Alipiga magoti, akavua soksi za Mzee Manasseh, akamwaga maji. Lakini alifanya hayo yote uso wake umegeukia dirishani, midomo imeachana kidogo, akivuta pumzi kwa mdomo, fupi fupi.

Mzee Manasseh aliutazama uso huo. Aliujua. Ulikuwa uso wake mwenyewe, aliokuwa akiutumia kituoni mbele ya gunia lililochemka, kabla hajasema rudisha.

Miguu yake ilikauka bila kufutwa. Alivaa viatu bila soksi. Hakumwosha Angwenyi, hakurudi ndani kwa mkate wala divai. Walimwona kupitia dirisha akishuka pembeni mwa njia ipitayo kati ya mashamba ya chai, soksi mkononi, na hakuna aliyemwita. Jasper alikula mkate wa Bwana siku hiyo.

*

Mzee hakuja kula jioni ile, wala Jumapili. Linet aliacha sahani nje ya mlango wake na kuzikuta zimejaa mainzi. Jumapili jioni alimpigia Nyanchama simu bila kumuuliza Jasper, na Jumatatu saa nne msichana akateremka pikipiki langoni, begi mgongoni. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama jikoni. Hakuuliza lile swali. Alimtazama baba yake tu, aliyekuwa amechelewa makusudi kwenda dukani, na Jasper akaona afadhali angeuliza.

Msichana akavuka ua, akapiga mlango kwa kiganja.

"Mume wangu, fungua. Ni bibi yako mdogo."

Ndivyo walivyotaniana tangu akiwa mtoto, kama ilivyo desturi ya babu na mjukuu. Komeo likasogea.

Ndani, Nyanchama alisimama kidogo, akazoea. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye dirisha akalifungua lote.

"Sokoro, babu yangu, unanuka," alisema.

Babu yake alikaa ukingoni mwa kitanda, amevaa koti lile lile. Hakukasirika. Alimtazama mjukuu wake kama mtu aliyengoja hukumu siku mbili na sasa imesomwa.

"Nanuka nini?"

"Mkojo."

"Sana?"

"Sana. Haki siwezi kukuficha."

"Tangu lini?"

"Mama anasema tangu Krismasi. Mimi nilisikia harufu nikija Pasaka. Nilidhani ni ugonjwa wa siku moja, nikanyamaza. Nisamehe."

"Tangu Krismasi," mzee akarudia. Akaanza kuhesabu, si miezi, bali watu. "Nilienda harusi ya mtoto wa Makori. Nilikaa meza ya mbele. Nilienda kwa chifu. Nilienda mazishini huko Nyamira, tukabanana kwenye gari saa mbili nzima. Wote walinisikia?"

"Walisikia, Sokoro."

"Na mama yako amekuwa akinipa chai kwa mikono miwili."

Hapo alilia. Alilia bila sauti, mdomo wazi, na Nyanchama, ambaye alikuwa amejiandaa kwa mzaha wa kumchekesha, aliukosa wote. Akakaa sakafuni karibu na miguu yake.

"Lakini wewe hukusikia kweli?"

"Pua yangu ilikufa na yale mafua. Sisikii kitu. Mvua inakuja sijui mpaka inilowe. Zamani nikiamka, kabla sijafungua macho, nilikuwa najua niko kwangu: moshi, ng'ombe, chai ya mama yako. Sasa naamka kama mtu amelazwa kwa nyumba ya wengine. Na hapo kwa sanduku kuna leso ya nyanya yako. Nilikuwa naifungua Sabato jioni, nanusa, nafunga. Sasa ni kitambaa. Ni kama nyanya yako amechukuliwa mara ya pili."

"Si ungesema?"

"Karani Pua aseme nini? Niliwarudishia watu magunia, Nyanchama. Wajane. Mbele ya foleni."

Walikaa hivyo mpaka kuku wakaingia kwa mlango ulioachwa wazi. Kisha msichana akamweleza, bila kuzunguka, kwamba wazee wengi wanatokwa na maji, kwamba kuna daktari Kisii anayeshughulikia mambo hayo, na dawa zipo. Kuhusu pua hakuahidi. Mzee alisikiliza. Alikubali kwenda Alhamisi, lakini kwa sharti.

"Sipandi gari la watu kama sijui ninavyonuka. Siwezi kujipima. Asubuhi hiyo nitasimama hapa mlangoni, na baba yako aje aninuse. Akisema niko sawa, naenda. Akisema siko sawa, narudi ndani nabadilisha. Lakini aseme kweli. Hiyo mwambie vizuri."

Nyanchama aliupeleka ujumbe kama ulivyo. Jasper alijibu, "Sawa," na masikio yakamwaka moto.

*

Alhamisi Jasper aliondoka saa kumi na moja alfajiri. Alimwambia Linet kuna mzigo wa misumari unafika Ogembo mapema. Hakukuwa na mzigo.

Saa moja Mzee Manasseh alitoka, ameoga, amevaa suruali ya kaki, shati na koti la kijivu, karatasi za kliniki mfukoni. Akasimama mlangoni kwake kama mtoto wa shule anayengoja kukaguliwa kucha. Wachuma chai wawili walipita barabarani wakamwamkia. Alijibu bila kusogea.

Linet alimwona kupitia dirisha la jikoni. Nyanchama alikuwa amerudi chuoni kwa mtihani na angemngoja babu yake kituo cha magari Kisii saa tatu. Nyumbani hakukuwa na mwingine. Linet alipanga vikombe, akavipangua. Alipotazama tena, mzee alikuwa bado amesimama, na saa ilikuwa inakaribia moja na nusu.

Alitoka, akasimama katikati ya ua, mbali kwa kadiri adabu inavyotaka, akatazama chini.

"Baba, Jasper ameenda."

"Nimeona pikipiki ikitoka."

"Alisema kuna mzigo."

"Ndiyo. Kuna mzigo."

Kisha mzee, macho yake yameelekezwa kwenye migomba na si kwake, akauliza kwa sauti ndogo ambayo Linet hakuwahi kuisikia, "Mama Nyanchama. Niko sawa?"

Upepo ulitoka upande wa mzee. Neno la kawaida lilikwisha kufika mdomoni mwa Linet, lile la miezi minane, ndiyo Baba, uko sawa kabisa. Lilikuwa jepesi na tamu na lingemfikisha mzee Kisii akinuka, aketi kwenye foleni ya hospitali watu wakihama benchi. Akalimeza.

"Hapana, Baba," alisema. "Bado."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaingia, akafunga mlango. Linet alisimama pale pale, akiona kana kwamba amemvua nguo hadharani. Mlango ukafunguliwa tena. Suruali ilikuwa nyingine.

"Sasa?"

Linet alisogea hatua mbili. Hakuwa amewahi kumkaribia hivyo. "Imepungua. Nafikiri ni koti."

Mzee alilitazama koti lake la siku kuu. Alilivua polepole, akatoa karatasi, akaliweka juu ya nyasi kati yao, akarudi nyuma hatua tatu ili mke wa mwanawe asilipokee mkononi mwake. Linet akaliokota. Lilikuwa zito na lenye unyevu kwenye pindo.

"Sasa uko sawa, Baba."

"Unasema kweli, ama unaniheshimu?"

"Nasema kweli."

Mzee alimwangalia usoni, mara ya kwanza tangu Linet aolewe. Kisha akaondoka na shati tu, bila koti, akitembea katikati ya barabara, si pembeni kama alivyorudi Sabato ile.

Saa mbili Jasper alirudi. Alikuwa amefika Ogembo, amefungua duka, amekaa nyuma ya kaunta nusu saa bila kumsikia mteja aliyekuwa akimuuliza bei ya rangi. Sasa alisimama uani, kofia ya pikipiki mkononi, akitazama mlango wa nyumba ndogo uliofungwa.

"Ameenda?"

"Ameenda."

"Nani alimnusa?"

"Mimi."

Jasper alitafuta mahali pa kuweka macho akakosa. Aliona koti la baba yake kwenye kamba, likidondosha maji juani, mbele ya kila apitaye. Alitaka kusema kitu kuhusu mzigo wa misumari. Badala yake akauliza kama kuna chai.

"Iko," Linet akasema. "Lakini mle ndani kuna suruali nne nyuma ya kitanda. Chumba hicho mimi siingii."

Akamwekea karai na mche mzima wa sabuni juu ya ngazi, akaingia jikoni. Jasper akakunja mikono ya shati, akaingia nyumbani kwa baba yake, akatoka na suruali kwapani, na harufu ikampanda puani hadi machozi yakamtoka. Akapiga magoti kwenye nyasi, akamwaga maji, akaanza kufua.

Jirani yao Bitutu alikuwa akipita na kikapu cha majani mgongoni. Akapunguza mwendo kando ya ua, kwa maana mwanamume mzima akifua mchana kweupe si jambo la kupita hivi hivi.

"Jasper, leo umekuwa wa kufua? Hizo ni za nani?"

Jasper aliinua kichwa. Povu lilikuwa limemfika viwikoni.

"Za baba," alisema.

Bitutu akaitikia, akaendelea na njia yake, na Jasper akamwaga maji yale ya kwanza, akajaza mengine.